Kitanda Kilichokutwa Kitupu

Baba mdogo wa Immakulata alikuwa mrina asali, na nyumbani aliingia kulala tu. Mizinga yake ilikuwa porini, upande wa Gwarama, mwendo wa saa mbili. Yeye alitumia siku nzima, maana alimshika mkono kila aliyekutana naye, wala hakumwachia mpaka asikie habari za watoto, mbuzi na maharage. Mwaka 1976 alilazwa hospitali ya Kibondo, hajiwezi. Asubuhi ya tatu Immakulata alileta uji, akakuta kitanda kitupu, shuka limekunjwa. Mara akasikia kicheko nje. Baba mdogo alikuwa nyasini akiota jua, wagonjwa wenzake wamemzunguka.

“Kaa, mwanangu,” alimwambia. “Mle ndani nilikuwa naumwa. Hapa naongea na watu.”

Aliishi miaka miwili zaidi, karibu yote nje.