Inanga ya Mzee Pasikali na Kofia ya Nashville

Stanislaus alikaa Nashville siku mbili, akawachosha watu wa Titye kwa siku hizo mbili mpaka wakakoma. Siku mbili! Anayekwenda Kibondo kununua jembe hukaa zaidi. Immakulata, mkewe, ndiye aliyezihesabu: wiki mbili mkutanoni na walimu wa kwaya wa misheni huko Amerika, halafu wakapakiwa kwenye basi, wakatembezwa siku mbili katika mji huo unaosifika kwa nyimbo za wachunga ng'ombe wa Kizungu, kisha nyumbani. Lakini ukimsikiliza Stanislaus ungedhani kitovu chake kilizikwa huko.

Alirudi mwezi wa tano, mwaka sabini na sita, na kofia pana kama ungo na viatu vya ngozi vyenye visigino virefu. Aliposhuka kwenye gari la misheni, tope la masika lilimnasa kisigino, akaanguka chali mbele ya kwaya iliyokuja kumpokea. Hakuna aliyecheka, watu wa huku wana adabu zao. Walicheka walipofika majumbani.

Immakulata hakucheka hata huko nyumbani. Macho yake yalikuwa yakitafuta inanga mle garini.

Inanga ile ilikuwa ya marehemu baba yake, Mzee Pasikali: ubao uliochongwa ukawa na shimo kama sinia refu, ukawambwa nyuzi juu yake. Mzee alikuwa akiilaza mapajani na kuipiga taratibu huku akiimba kwa kunong'ona, watu wanasogea, wanasogea, mpaka magoti yanagusana. Alipofariki, ukoo ulikubaliana kwamba tanga litaanuliwa mwaka ukitimia, mwezi wa saba, na siku hiyo inanga itapigwa na mwanawe Niyitegeka, kaka yake Immakulata, anayekaa Kitahana. Mpaka isikike, binti wa marehemu yumo msibani. Hachezi harusini, havai nguo ya rangi, wala halali kitanda kimoja na mumewe. Ndiyo desturi ya ukoo wao, haikuanza jana.

Sasa Stanislaus, mume mzima, mwalimu wa kwaya, aliiazima kabla ya safari. "Shemeji," alimwambia Niyitegeka, "wazungu wanataka kuona ala zetu. Nitawapigia wimbo mmoja tu, nirudi nayo." Kuipiga! Mtu ambaye akigusa zile nyuzi, mbwa walikuwa wanahama uani! Niyitegeka alisita. Immakulata ndiye aliyesema, "Mpe, kaka. Ataitunza." Maneno hayo yalikuja kumchoma kuliko yote, kwa sababu hakulazimishwa kuyasema.

"Baba Esteri, inanga iko wapi?" aliuliza kabla hata hajampa maji ya kunywa.

"Tulia, Mama Esteri. Iko mahali pa heshima." Akaigusa kofia.

Lo! Mahali pa heshima palikuwa nyumba ya wageni walikolala. Mwenye nyumba aliipenda inanga, Stanislaus akaipenda kofia ya mwenye nyumba na viatu vyake, wakabadilishana, wakapigana mabega. "Ataitundika ukutani," alisema, "karibu na magitaa ya watu wakubwa. Baba mkwe sasa anajulikana Amerika!"

Immakulata aliingia ndani, akajifunika khanga usoni, akalia. Alilia kwa hasira, akimlaani mumewe na kujilaani mwenyewe.

Debe tupu haliachi kuvuma. Kila jioni Stanislaus aliwakusanya watu awasimulie Nashville. Taa zake! Ukumbi wake mkubwa! Mzee Bazilio, baba mdogo wa Immakulata, aliyechunga ng'ombe peku miaka arobaini, alimuuliza, "Humo ukumbini waliimba nini?"

"Tiketi zilikuwa zimekwisha," Stanislaus alijibu. "Lakini nilisimama mlangoni, nikasikia makofi."

"Na ng'ombe wao wakoje?"

"Mjini hakuna ng'ombe, mzee."

Bazilio alivitazama vile visigino, akatema mate pembeni. "Wachunga ng'ombe wasio na ng'ombe. Mwenzetu kavuka bahari kwenda kusikiliza makofi."

Niyitegeka alipopata habari alikuja kutoka Kitahana, uso umekunjamana. Hakumpa shemeji yake mkono. "Andika barua leo hii," alimwambia. "Mwambie mzungu wako achukue kofia yake, aturudishie kitu cha baba."

Stanislaus aliandika. Alikuwa na haraka zake, maana tangu msiba uanze alikuwa akilala jikoni kwenye mkeka, na mwezi wa saba alikuwa akiungoja kwa kuhesabu siku.

Siku ya kuanua tanga ilifika. Ukoo ulijaa uani, mitungi ya pombe ya ndizi imepangwa, hakuna aliyegusa mrija kabla inanga haijasikika. Ndipo Stanislaus akatokea, amevaa kofia, anapunga bahasha.

"Jibu limekuja jana! Bahasha sikuifungua, nilitaka tuifungue pamoja."

"Inanga imo ndani ya bahasha?" Immakulata aliuliza.

"Ni picha, mama, wameandika hapa juu! Picha inatosha. Mtaona wenyewe ilivyotukuzwa."

Akaichana mbele ya wote, akatoa picha ya rangi, akaiangalia. Mdomo ukabaki wazi. Alitaka kuirudisha bahashani, lakini Immakulata alishamnyang'anya.

Ilikuwa picha ya kibaraza cha nyumba ya wageni. Inanga ya Mzee Pasikali ilikuwa chini, kando ya mlango. Nyuzi zilikuwa zimekatwa. Shimo lake lilikuwa limejazwa udongo mpaka juu, na katika udongo ule yalikuwa yameota maua mekundu. Mzungu mwenye nyumba alikuwa amechuchumaa pembeni, anatabasamu. Inaelekea barua ya mtu wetu, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, ilimfikia kama salamu tu.

Picha ilizunguka mkono kwa mkono. Niyitegeka aliishika muda mrefu, akampa baba yake mdogo.

"Maua ni mazuri," Stanislaus alisema.

Immakulata hakulia. Alipiga magoti mbele ya Bazilio. "Baba mdogo, kitu cha marehemu kikifukiwa kwenye udongo, sisi tunasemaje?"

Mzee aliitazama tena ile picha. "Tunasema kimezikwa."

"Basi baba yangu kazikwa mara ya pili, na mimi ndiye niliyesema Baba Esteri apewe inanga. Tutaanuaje tanga la maziko mapya?"

"Halianuliwi," Bazilio alisema, akaiweka picha chini. "Rudisheni mitungi ndani. Msiba unaanza leo."

Stanislaus alivua kofia. "Mpaka lini, mzee?"

"Mwaka, kama kawaida. Kwa muda huo Niyitegeka atachonga nyingine."

Immakulata aliinuka, akaenda jikoni, akamtandikia mumewe ule mkeka.