Spika Zilikuwa Nzima

Mniseme mtakavyo, lakini laptopu mpya lazima ikaguliwe. Muuzaji wa Mombasa alinipa siku tatu za kuirudisha, na mimi si mtu wa kuuziwa ubovu. Jioni ile nilibonyeza kila kitufe, nikajaribu kamera, zikabaki spika. Kwa kuwa ilikuwa Ramadhani sikutaka muziki, nikaweka adhana na kufungulia sauti yote. Nyumba zetu za Langoni zimebanana, na dirisha langu lilikuwa wazi.

Sauti ilitoka safi kabisa! Nikaridhika, nikaifunika laptopu.

Dakika kumi baadaye msikiti ukaadhini Magharibi ya kweli. Jirani yangu Bi Mwanaidi akatoka kichochoroni na tende iliyoumwa nusu.

"Nani aloadhini mbele ya wakati? Saumu yangu imekwenda!"

Kwani hana saa? Nikatoka, nikakunja uso. "Watu wengine hawana haya, Bi Mwanaidi. Atafutwe!"

Hapo mke wangu akachungulia dirishani.

"Baba Swaleh! Nimeifunua laptopu yako na ile adhana imeanza tena. Naizima wapi?"