Betri ya Tajiri na Maji ya Mamba

Niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba maji ya mto Tana pale anapolala mamba yana nguvu ya umeme. Nani aliniambia sikumbuki; Garsen nzima ilijua. Na mimi, mwenye cheti cha shule ya usiku, ningekubali Garsen nzima inishinde kwa elimu?

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mtunza betri wa tajiri mmoja Mhindi, mwenye duka. Tajiri alikuwa na kibali cha kurusha redio kwa kujifurahisha tu. Kila jioni aligonga ti-ti-ta za simu ya upepo, akiwasabahi watu wa ng'ambo asiowajua, na jirani yake hamsalimii. Redio ilikula umeme wa jenereta. Betri, kubwa kama ndama, ilikuwa ya akiba, jenereta ikigoma.

"Maji yakipungua, ongeza," aliniambia. Maji gani, hakusema. Na msomi haulizi.

Basi miezi mitatu nikashuka mtoni na birika, mamba elfu moja wakinitazama kwa heshima, nikainywesha betri.

Masika yakaja, mto ukafurika, barabara ikakatika, petroli ikaisha. Hapo ndipo mke wa tajiri akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Mkunga akasema anatakiwa daktari, na daktari yuko Lamu. Tajiri akaunga redio kwenye betri. Ti... kimya.

"Umeifanya nini?" akanifokea.

"Tajiri, nimeilisha vizuri!"

Dereva mmoja wa Madogo, aliyekwama sokoni siku ya nne na lori lisilo na tone la petroli, akafungua betri yake bila kubembelezwa, akaileta begani. Redio ikaamka, tajiri akagonga kuomba msaada, na habari ikafika Lamu. Kesho yake asubuhi boti ya daktari ikapanda mto kutoka Kipini, mto unapoingia baharini, na mtoto akalia mpaka Kulesa wakamsikia.

Dereva alipokuja kuchukua betri yake, akaipindua uani ile ya tajiri niliyoilisha. Ukatoka uji mwekundu.

"Msomi, hii betri au shamba la mpunga? Maji ulitoa wapi?"

Nikamweleza habari za mamba, kwa kirefu. Mvua ilikuwa ikitunyeshea sote wawili.

"Ndugu yangu," akasema, "mamba hana umeme. Betri inataka maji safi. Kinga haya ya mvua kwenye bakuli, umimine. Tope linaiua."

Akajitwika betri yake, akaenda zake.