Samli Kwenye Mashine ya Ketki

Mimi sina subira na watu wanaoongea na mashine. Natunza chumba cha vipimo kwenye maabara ya chuo, hapa Surat, India, na mashine nimezizoea hadi nazitukana. Ndiyo maana Ketki alinichosha tangu alipokuja. Kila asubuhi alifika na kikopo cha samli ya mama yake, akachanganya kidogo na ule unga mwekundu wa ibada, akaipaka mashine nukta moja, akafumba macho na kumwomba Mataji, mungu mama wao.

"Homa yake ikishuka uniambie," nilimtania.

"Cheka tu, Bhanuben. Siku moja itakugomea wewe."

Ketki alirudi masomoni akiwa mke wa mtu, kazi za nyumbani zikimsubiri. Alikuwa akitengeneza dawa ya kupaka wanaoungua kwenye viwanda vya kutia rangi sari. Dawa yenyewe ina vituko. Ikitoka kwenye friji ni maji matupu. Ikipata joto la mwili inaganda, kinyume kabisa cha samli. Molekuli zake ni ndefu, zina sehemu zinazopenda maji na sehemu inayoyakimbia. Zikipata joto zinajikunja vidonge vidonge, vidonge vinabanana, basi hakuna kinachosogea.

Mashine ilitakiwa kupima ugumu wa huko kuganda. Dawa inawekwa katikati ya sahani mbili ndogo za chuma, ya juu inazunguka. Ketki alipasha moto chupa ya dawa na kuipindua mbele yangu, halikudondoka hata tone. Lakini mashine ikasema dawa ileile inatiririka. Baada ya muda ikapima sawasawa siku kadhaa, kisha ikarudia upuuzi wake. Nilibadilisha kila kilichobadilishika, wapi!

Profesa Vashi, msimamizi wake, akachoka. "Ketki, vipimo visipoafikiana kufikia Ijumaa, kazi hii nampa mwingine." Na mama mkwe wake alishasema, hilo likitokea vitabu vinafungwa, anabaki jikoni.

Nilimkuta analia pale tunapochemshia chai.

"Bhanuben, nimegundua kitu, sijui nimwambie nani."

"Niambie mimi, mmbea wa chuo."

"Inapima vizuri nikiwa mwezini tu."

Siku hizo kwao mwanamke hagusi vitu vya ibada. Nikakumbuka nyuma, na kweli, ilikuwa hivyo.

"Yaani nisipomwomba ndiyo inakubali," alisema. "Mataji hanitaki?"

Nilitaka kucheka, nikammiminia chai. Mimi nisiye na dini ya kujivunia nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma.

Kesho yake nilimkodolea macho tangu alipoingia. Alipaka nukta, akafuta kidole kwenye kitambaa, kisha kwa kitambaa hichohicho akapangusa vumbi kwenye sahani. Nikamnyang'anya, nikakisugua kwa vidole. Kilikuwa kinateleza.

"Samli, Ketki! Dawa yako imeganda vizuri, ila inateleza juu ya samli. Sahani inazunguka peke yake, dawa imekaa."

Alikichukua kile kitambaa, akakinusa.

Ijumaa alisafisha sahani kwa spiriti, hakupaka nukta. Vipimo vyote vikakubaliana. Profesa akasema, "Haya, endelea," akaenda zake. Nilidhani Ketki atacheza ngoma, kumbe alikaa chini amejiinamia.

"Sasa nini tena?" nilimfokea. "Paka, halafu nawa mikono."

"Nilijaribu jana. Nikinawa naona kama namfuta Mataji. Nisipopaka naogopa kuigusa. Nilipokuwa nafeli nilijua naomba nini. Sasa sielewi chochote, Bhanuben."

Maneno hayo yaliniudhi wikiendi nzima.

Jumatatu nilimkuta mlangoni amesimama na kikopo chake cha samli na chupa ya dawa, haingii wala haondoki. Dawa ilikuwa inapoteza ubaridi mkononi mwake. Nikamnyang'anya kikopo.

"Samli niachie mimi, wewe shika sahani. Unapaka wapi, hapa?"

"Juu kidogo."

Nikachovya kidole, nikapaka.

"Na maneno yake?"

"Sema lolote, atasikia."

Nikafumba macho mbele ya mashine kama mwendawazimu, nikamwambia Mataji kwamba huyu binti bado anaitaka kazi yake.