Nyasi Nilizootesha Kitengela

Mimi hupiga picha za watoto hapa Kitengela, na kipaji changu kikubwa ni kudharau vumbi. Majuzi nilimpiga picha Naserian, msichana wa miaka mitatu, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya kanisa. Kiangazi kilikuwa kimekwangua ardhi hadi ikabaki kama kipara. Aibu gani hii, nikajiambia, na kwenye kompyuta nikamwoteshea nyasi za kijani hadi magotini. Mama yake alifurahi, akaituma picha kwa ukoo wote.

Kesho yake babu wa Naserian alinipigia simu kutoka mbele ya Kajiado.

"Kijana, hii picha umepiga lini?"

"Juzi tu, mzee."

"Na hapo ni wapi?"

Nikamweleza njia kwa madaha, hata rangi ya lango la kanisa nikamtajia, naye akasema atafika baada ya siku tatu. Mjinga mimi niliamini amevutiwa na ufundi wangu, na kwamba anakuja kupigwa picha yake. Siku ilipofika nilipiga shati pasi, nikamngoja kiwanjani na kamera shingoni.

Alikuja. Mbele yake walitangulia ng'ombe, mbavu zote nje, wamechoka hata kulia hawawezi. Walisimama wakanusa vumbi. Mzee alitazama simu yake, akatazama ardhi, kisha akanitazama mimi.

"Nyasi iko wapi?"

Nikanong'ona, "Iko kwa kompyuta, mzee."

Akanishikisha fimbo yake. "Basi wapeleke wewe. Mimi nimechoka."