Likizo niliyolala chini ya lori

Juzi niliambiwa likizo yangu ya mwaka nilishaimaliza, tena nikiwa nimelala chini ya lori.

Asubuhi hiyo nilimpelekea bosi barua ya kuacha kazi ya udereva, nikaomba anilipe likizo yangu kabisa.
Akanitazama. "Si ulipumzika wiki tatu pale Tunduma?"

Eti kupumzika. Foleni ya malori mpakani, mvua, nalala chini ya lori nikilinda saruji yake.

Nikamuuliza, "Kama nilikuwa likizo, mzigo wako alilinda nani?"
Akaanza kupekua makaratasi.

Nikaichukua barua yangu mezani. "Basi siachi kazi, bosi. Nipe likizo yangu na malipo yake, nikapumzike kweli."
Akasaini likizo na malipo haraka, akidhani nimebaki kazini.

Sasa niko kwetu Kibosho, namkatia mama majani ya ng'ombe.

Anayeona nimekosea aseme. Barua ya kuacha kazi ninayo mfukoni, bado kubadilisha tarehe tu.