Ukurasa wa Kutafutana

Kazi yangu, ukiacha cheo kirefu kilichoandikwa kwenye mkataba, ni kuwazuia wenye tovuti wasichokonoe mambo ya watu. Muuza sabuni wa hapa Stockholm akipata wateja Marekani, namwonyesha kwamba kule majimbo kadhaa yana sheria zake za faragha na hazifanani. Jimbo moja linamtaka aweke kitufe cha kukataa taarifa zisiuzwe, jingine linamtaka aombe ruhusa kabla hajagusa habari za afya. Na sheria ya Ulaya anayo mlangoni. Watu hunisikiliza kwa nyuso za waliokalia kiti cha daktari wa meno. Mimi naipenda kazi hii, naipenda mno, na ndipo nilipoharibu.

Jumamosi moja mzee Mkongo anayeishi Tumba, pembeni ya jiji, dereva wa basi mstaafu, aliniomba nimkagulie tovuti ya jumuiya yao ya watu wa mashariki ya Kongo. Alikuwa amepokea barua pepe ya vitisho kutoka kwa watu asiowajua, wakimwambia tovuti yake inavunja sheria. Nilimwambia hao wanatafuta wateja, aitupe. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini nilikuwa nimeshafungua kompyuta, na kuitwa mtaalamu mbele ya chai na maandazi ni kutamu.

Tovuti ilikuwa na matangazo ya ibada, picha za harusi, na ukurasa mmoja mrefu wa kutafutana. Watu waliopotezana vitani na kambini waliandika humo wanamtafuta nani. Karibu hakuna aliyetaja majina. Mzee alinieleza kwamba majina hayasaidii: huyu alisafiri kwa karatasi za shangazi yake, yule aliandikishwa vibaya kambini na jina likabaki hivyo hivyo, mwingine alilibadilisha ili asifuatwe. Kwa hiyo waliandika mambo ambayo ndugu wa damu tu angeyajua. Kabila la bibi mzaa mama. Ugonjwa wa kuanguka. Kidole kilichokatwa na jembe.

Mimi niliusoma ukurasa ule kwa macho ya ofisini. Afya, kabila, dini, alama za mwili, watoto: kila kitu ambacho kwenye orodha yangu kina rangi nyekundu kilikuwa pale hadharani, miaka na miaka, bila ruhusa ya waliotajwa. Nilimwambia mzee, kwa sauti ile ile ninayotumia kwa wauza sabuni, kwamba ukurasa huu ni hatari. Aliuliza kama hakuna njia nyingine. Ilikuwepo. Ningeweza kuwatafuta walioandika, mmoja mmoja, kuwauliza wanataka nini kibaki, kisha kuuweka ukurasa nyuma ya nywila. Hiyo ingekuwa kazi ya miezi, na kufuta ni kazi ya dakika kumi. Nikafuta. Nikafuta na nakala zake, nikaacha fomu fupi ya kuandikia ujumbe, kisha nikarudi nyumbani Hässelby kifua mbele.

Miezi michache baadaye, kwenye harusi, alinijia mama mmoja wa mtaa wa Tensta anayepika shuleni. Alikuwa ameambiwa kwamba mimi ndiye ninayejua mambo ya tovuti, akataka kujua maneno yake yamekwenda wapi. Miaka kumi na moja nyuma aliandika kwenye ukurasa ule akimtafuta mdogo wake wa kike. Walipotezana njiani wakati wa kukimbia, mdogo akiwa na miaka tisa, na kovu la maji ya moto kwenye kiwiko. Siku hiyo alikuwa amebeba kifuniko cha sufuria na hakukubali kukiachia. Hayo ndiyo aliyoyaandika, kovu na kifuniko.

Nilimweleza sheria. Naona aibu kuandika hili: nilimweleza vizuri sana, kwa mifano. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kama ni serikali imekataa, basi, hakuna la kufanya. Sikumsahihisha. Nilimwacha aamini hivyo, nikaenda kuchukua soda.

Kisha, siku moja mchana, mzee wa Tumba alinipigia simu nikiwa kazini. Kulikuwa na ujumbe umeingia kupitia ile fomu, na alitaka anisomee. Aliusoma polepole, mara mbili, nami niliuandika kwenye karatasi iliyokuwa mbele yangu.

"Mwaka jana niliona hapa maneno ya dada anayetafuta mdogo wake. Niliogopa kujibu. Nimerudi, siyaoni tena. Kile kifuniko nilikitupa mtoni siku ya pili. Huyo dada bado yupo?"

Mzee aliuliza ameandika nani, na yuko wapi. Nilifungua mtambo wa tovuti nikijua nitakachokikuta. Fomu ile haikuwa na nafasi ya jina, wala ya simu, wala ya barua pepe. Niliitengeneza hivyo mwenyewe, kwa sababu sheria inasema usikusanye zaidi ya unachohitaji, na mimi niliona hatuhitaji kitu. Nilikuwa nimezima hata kumbukumbu ya mahali wageni wanapotokea. Kwenye orodha yangu hizo zote zina alama ya kijani.

Jioni hiyo nilikwenda Tensta. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi. Mama alichukua ile karatasi, akaisoma amesimama, akajifunika uso kwa kitenge, akawa analia na kucheka kwa pamoja.

"Iko muzima," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Kumbe iko muzima."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru, akawaombea watoto wangu baraka. Nami nikazipokea baraka zile. Kisha akatoa simu yake na kuniangalia, akingoja nimtajie namba. Nilimwambia hakuna namba. Akauliza kama hiyo nayo serikali imeikataza.

Hapo ndipo nilipomwambia kweli. Nilimwambia serikali haijui lolote, ni mimi niliyeiondoa nafasi ya namba, na ni mimi niliyeyafuta maneno yake. Sheria ilikuwa inataka aulizwe tu.

Alikaa kitako kwenye kochi, karatasi mapajani.

"Na juu ya nini haukuniuliza?" alisema. "Mimi niko tu hapa Tensta."

Nilikaa karibu yake, akanitajia maneno yake upya, nami nikayaandika yote, kovu na kifuniko, nikaongeza namba yake ya simu kwa sababu aliniruhusu. Maneno yake hayo sasa yapo ukurasa wa kwanza wa tovuti, juu kabisa, kwa herufi kubwa. Mdogo wake hajaandika tena.

Kila Jumapili mama yule hunipigia kuuliza kama kuna neno. Hajawahi kunipandishia sauti. Namwambia bado, naye ananishukuru na kukata simu.